Nusu saa kwa siku: mpango wa wiki 8 wa sarufi ya Kiingereza kwa anayejua Kiswahili chake

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma skuli hapa kwetu, Unguja au Pemba, akafika kidato cha nne, Kiingereza anakisikia na kukisoma kiasi, lakini akitakiwa aandike barua ya kuomba kazi au aeleze jambo lililotokea jana, anakwama. Watu hao ni wengi: wanaopokea wageni Paje na Nungwi, wanaowatembeza kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na akina mama wanaotaka kuwasaidia watoto kazi za skuli. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilileta Kiingereza katika hisabati na sayansi tokea darasa la tano, na sekondari masomo mengi yamekuwa yakisomeshwa kwa lugha hiyo. Maneno, basi, mtu anayo. Kinachomwangusha ni namna ya kuyapanga.

Nasomesha madarasa ya jioni Chake Chake, na kila kundi linalokuja hunithibitishia jambo moja: makosa yetu ya Kiingereza hayatokei ovyo. Ni yale yale, kutoka Wete hadi Makunduchi, kwa sababu yana asili moja. Tunaichukua sentensi ya Kiswahili ilivyo na kuivisha maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo anayetaka kuyaondoa hana haja ya kuanza na kitabu kinene kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa dunia nzima. Aanze na pale lugha hizi mbili zinapoachana njia, na ashike Kiswahili chake kama chombo cha kufanyia kazi. Sisi ambao Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja mjini, hapa visiwani kwetu, tuna mtaji mkubwa hapo, na ni hasara kuuacha nje ya darasa.

Vitu vya kutayarisha

Kaunta buku moja, kalamu ya buluu, kalamu nyekundu, na kamusi ya Kiingereza yenye sentensi za mifano. Hivyo vinatosha. Intaneti ikiwepo ni faida: BBC na British Council wana mafunzo ya Kiingereza ya bure mtandaoni, yenye sauti za kusikiliza. Lakini mpango huu haukusimama juu ya bando wala umeme.

Chagua wakati ambao tayari una alama katika siku yako. Baada ya sala ya isha ni wakati mzuri kwa wengi. Wengine huona alfajiri kichwa ni chepesi zaidi. Mwezi wa Ramadhani hamishia pale unapoweza, mradi usibadilishebadilishe kila siku. Wiki ianze Jumamosi, jambo jipya mpaka Jumatano, Alhamisi iwe ya kusahihisha, Ijumaa upumzike. Simu iache chumba kingine.

Namna ya kuigawa nusu saa

Dakika 5 za mwanzo soma kwa sauti sentensi ulizoandika jana. Dakika 10 soma jambo la wiki hiyo na uliangalie katika mifano. Dakika 10 andika sentensi 6 zako mwenyewe. Dakika 5 za mwisho zisome hizo 6, kwa sauti, kwa utaratibu.

Nasisitiza ziwe zako mwenyewe. “The book is on the table” imenakiliwa na kila mwanafunzi na hakuna aliyewahi kuihitaji. Andika “My uncle dries cloves behind the house” kama kweli ami yako anaanika karafuu nyuma ya nyumba, maana hiyo kesho mgeni atakuuliza na wewe utakuwa unayo mdomoni.

Na kusoma kwa sauti si pambo. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa vokali, kwa hiyo ulimi wetu ukikuta konsonanti mwisho wa neno la Kiingereza, ama unaimeza ama unaiongezea vokali. Sarufi ya Kiingereza nayo inakaa pale pale mwishoni: “work”, “works”, “worked”. Anayemeza mwisho anameza sarufi yote. Zizoeze sauti tatu za -ed: katika “worked” na “washed” inasikika t, katika “called” na “opened” inasikika d, na katika “wanted” na “needed” ndipo inapokuwa silabi kamili, id. Wengi wetu tunaitamka silabi kamili kila pahala.

Wiki ya 1: “be”, -s, na he/she

Kosa la kwanza ni “I am agree”, “I am come from Konde”. Kipimo chake ni rahisi. Sema sentensi kwa Kiswahili. Ukisikia “ni”, “niko”, “yupo”, “tulikuwa”, hapo Kiingereza kinataka am, is, are, was au were. Ukisikia kitenzi chenyewe, kama “nakubali” au “natoka”, usikitilie “am”: “I agree”, “I come from Konde”. Inabaki familia moja ya kukaririwa, ile ya “nina”: nina njaa ni “I am hungry”, nina kiu ni “I am thirsty”, nina miaka 22 ni “I am twenty-two years old”.

Ile -s ya “she sells” tuipatanishe na kiambishi chetu cha a-. Kiswahili huonesha mtendaji mbele ya kitenzi, Kiingereza humwonesha nyuma. Kila unapofikiri “a-” kwa jambo la kawaida la kila siku, mwisho wa kitenzi weka -s. Ukifikiri “wa-”, usiweke.

Kuhusu he na she, Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika kitenzi, ndiyo maana tunasikia “my mother he is at home” hata kwa watu waliosoma sana. Dawa yake ni mazoezi tu. Wiki nzima hii, kati ya sentensi 6, tatu ziwe za mama, dada au shangazi, na tatu za baba, kaka au ami.

Wiki ya 2: -na- na hu-

“Anauza samaki” ina maana mbili: ndiyo kazi yake, au muda huu anauza. Kiingereza hakikubali uchanganye. Kipimo: jaribu kuitia hu-. Kama “huuza samaki Darajani” inakaa sawa na ndiyo unayokusudia, andika “He sells fish at Darajani”. Kama unaweza kuongeza “hivi sasa”, andika “He is selling fish”. Zingatia kwamba vitenzi vya moyoni na vya umiliki, kama know, want, like, need na have ya kumiliki, kwa kawaida havichukui -ing. “I am knowing him” ni Kiswahili kilichovaa koti.

Wiki ya 3: -li- na -me-

Hii ndiyo wiki nzito, na ukiihitaji wiki mbili, ichukulie mbili.

Kiambishi -li- hakina matatizo: “aliondoka” ni “he left”, “walipika” ni “they cooked”. Kiambishi -me- ndicho chenye nyumba tatu, na kila nyumba ina mlango wake.

Nyumba ya kwanza ni jambo lililokwisha na athari yake ipo sasa, bila ya kutaja wakati. “Meli imefika.” Hapo tumia has au have na umbo la tatu la kitenzi: “The ship has arrived.” “Nimepoteza ufunguo”: “I have lost my key.”

Nyumba ya pili ni pale unapotaja wakati uliokwisha. Sisi husema bila wasiwasi “nimemwona jana sokoni”. Kiingereza hakikubali kuchanganya have na “yesterday”. Likitajwa jana, juzi, mwaka jana, au saa maalumu iliyopita, rudi kwenye umbo la -li-: “I saw him at the market yesterday.” Hili likikukaa, umeondoa kosa moja kubwa kabisa katika barua za kuomba kazi, maana watu huandika “I have completed Form Four in 2018” badala ya “I completed Form Four in 2018”.

Nyumba ya tatu ni vitenzi vya hali: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba. Kwa umbo ni -me-, kwa maana ni hali ya sasa hivi. “Mtoto amelala” ni “The child is asleep”. “Amekaa kwenye baraza” ni “He is sitting on the baraza”. “Amevaa kanga” ni “She is wearing a kanga”. Ukisema “she has worn a kanga”, mgeni ataelewa kwamba amewahi kuivaa siku moja katika maisha yake.

Pana na jambo la muda. “Ninakaa Wete miaka mitano sasa” wengi huandika “I am living in Wete since five years”. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea huchukua have: “I have lived in Wete for five years.” “For” hutangulia urefu wa muda, “since” hutangulia pale muda ulipoanza: for five years, since 2019, since Ramadhan.

Vitenzi visivyofuata kanuni usivikariri kwa alfabeti. Vipange kwa sauti, vitano kwa siku: sing, sang, sung, ring, rang, rung, drink, drank, drunk, swim, swam, swum, begin, began, begun. Kesho yake: buy, bought, bring, brought, think, thought, teach, taught, catch, caught. Halafu vile visivyobadilika: cut, put, hit, shut, cost. Visome kwa sauti na kwa mahadhi, kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyosoma, mpaka mdomo uende wenyewe.

Wiki ya 4: kuuliza na kukataa

Kiswahili kinauliza kwa kupandisha sauti: “Unataka chai?” Kiingereza kinahitaji msaidizi: “Do you want tea?” Msaidizi huyo, akiwa do, does au did, ndiye anayebeba wakati na nafsi, na kitenzi kikuu kinabaki kitupu. Basi si “Did you went?”, kwa kuwa wakati umeshatajwa ndani ya did. Ni “Did you go?” Vile vile si “Does she sells?” bali “Does she sell?”

Kukataa kunapatana vizuri na Kiswahili chetu. “Hauzi” ni doesn't sell, “hakuuza” ni didn't sell, “hajauza” ni hasn't sold yet. Ile -ja- inaijibu “yet” karibu kila mara.

Lakini kuna mtego hapa ambao vitabu vingi havimwambii Mswahili, na kwa anayefanya kazi na wageni una gharama. Mgeni anafika mapokezi usiku, kachoka, anauliza: “Don't you have any rooms?” Mfanyakazi, akifikiri kwa Kiswahili “Ndiyo, hatuna”, anajibu “Yes”. Mgeni anateremsha mizigo. Kiswahili kinajibu swali: ndiyo, ni kama ulivyosema. Kiingereza kinajibu hali yenyewe: kama havipo, jibu ni “No”, swali liwe limekuja kwa umbo lolote. Zoea kuongeza kipande cha pili kila mara, “No, we don't” au “Yes, we do”, hapo hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, la pili litaokoa.

Na mgeni akikuuliza “Do you mind if I sit here?” anauliza kama utachukizwa. Ukimkaribisha, jibu ni “No, not at all”.

Wiki ya 5: a, an, the

Watu husema jambo hili halina kanuni, ni la kuzoea tu. Sikubali. Kiswahili hakina vineno hivi, lakini maana yake kinayo, imejificha ndani ya kitenzi.

Linganisha: “Lete kiti” na “Kilete kiti”. Ya kwanza ni kiti chochote. Ya pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni “Bring a chair” na ya pili ni “Bring the chair”. Tena: “Nimenunua kitabu”, “I have bought a book”, “Nimekinunua kitabu”, yaani kile nilichokwambia, “I have bought the book”. Kwa hiyo kila unapobabaika, ijaribu sentensi yako ya Kiswahili. Kama jina la kitu, si la mtu, linakubali ki-, li-, vi-, i- au zi- ndani ya kitenzi bila ya kukugeuzia maana, basi andika “the”. Kama kiambishi kinasikika kigeni, kitu ni kimoja na kinahesabika, andika “a”. Kwa watu na wanyama kipimo hiki hakifai, kwa sababu m- na wa- huingia karibu wakati wote. Hao wajaribu kwa “yule” na “wale”.

Huu si msumeno usiokosea, lakini utakuvusha sehemu kubwa ya sentensi za kila siku. Yaliyobaki ni machache. Wingi wa jumla hauchukui kitu: “Cloves grow well in Pemba.” Chagua a au an kwa sauti, si kwa herufi: an hour, kwa kuwa h haisikiki, na a university, kwa kuwa inaanza kwa sauti ya y. Bahari huchukua the, kisiwa kimoja hakichukui: the Indian Ocean, lakini Pemba, Unguja, Tumbatu. Na yapo majina ambayo kwetu yana wingi na kwao hayahesabiki: luggage, information, advice, furniture, equipment. Mizigo mitatu ya mgeni ni “three pieces of luggage”, si “three luggages”.

Wiki ya 6: in, on, at, na saa

Kiambishi -ni kinatufanyia kazi zote tatu: kikapuni, mezani, mlangoni. Kiingereza kinazitenganisha. Rudi tena kwenye Kiswahili. Husemi “kikapuni pana samaki”, unasema “kikapuni mna samaki”, kwa sababu mu- ni ya ndani. Hiyo ndiyo “in”: “There are fish in the basket.” Ya pa-, ya pahala maalumu, inaangukia “at” au “on”: mlangoni pana mtu, “There is someone at the door”, mezani pana vyombo, “There are dishes on the table”. Kama kitu kimegusa juu ya kingine, on. Kama ni nukta tu ya kukutania, at.

Vyombo vya safari vina desturi yao. Unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni on: on the ferry, on the bus, on the plane. Unachoingia na kukaa tu ni in: in a taxi, in a car.

Kwa wakati: at six o'clock, on Friday, in July, in 2024.

Na kwa kuwa tumefika kwenye saa, hapa pana hatari kubwa kuliko kihusishi chochote. Saa yetu inahesabiwa tokea jua kuchomoza, yao inaanzia usiku wa manane na mchana, na tofauti ni saa sita. Boti ya kwenda kuangalia pomboo Kizimkazi ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwambie mgeni “six in the morning”. Ukitafsiri neno kwa neno, “twelve”, atashuka ufukweni adhuhuri na boti imesharudi. Kila sentensi ya wiki hii yenye saa iandike mara mbili, ya Kiswahili pembeni na ya Kiingereza katikati, mpaka uache kuhesabu vidole.

Wiki ya 7: -nge-, na makosa matatu ya haraka

Kiswahili kinatia -nge- pande zote mbili: “Ningekuwa na pesa, ningenunua boti.” Kiingereza kinatia “would” upande mmoja tu, ule wa matokeo, na upande wa “if” kinaweka umbo la wakati uliopita: “If I had money, I would buy a boat.” Kwa -ngali-, ambalo wakati wake umeshapita: “Ningalijua, nisingalikuja” ni “If I had known, I would not have come”. Na ile -ki- ya “akija nitamwambia” ni “If he comes, I will tell him”. Usiandike “if he will come”.

Makosa matatu ya kupita haraka. “The man who I met him” inatokana na “niliyekutana naye”. Kiingereza hakirudii, ni “the man I met”. “My brother he works in Dubai”: mtendaji mmoja anatosha, futa “he”. “Although it was raining, but we went” inatokana na ingawa na lakini. Chagua kimoja, futa kimoja.

Wiki ya 8: kuziunganisha, na namna ya kujisahihisha

Sasa acha sentensi moja moja. Kila siku andika aya moja ya sentensi 6 zinazofuatana kuhusu jambo lililotokea kweli. Alhamisi, chukua kalamu nyekundu na uisome aya mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja tu. Mara ya kwanza angalia vitenzi: wakati ni sahihi? Mara ya pili angalia miisho: -s na -ed zipo? Mara ya tatu angalia a na the. Anayetafuta makosa yote kwa pamoja huyapita yote.

Huu ni ukurasa wa kijana mmoja anayetembeza wageni Jozani, naunakili kwa ruhusa yake:

“Yesterday I have take two visitors from Germany to Jozani. They was ask me why the monkey they are red. I told them this monkeys is live only in Unguja. The visitor who I gave him water he said thank you.”

Alipousoma mara ya kwanza aliona “yesterday” imegongana na “have”, akaandika “took”. Akaona “was ask”, akauliza: “Mwalimu, walikuwa wananiuliza au waliniuliza?” Nikamwambia ajijibu mwenyewe. Akaandika “asked”. Vile vile “is live”: kwa Kiswahili ni “huishi”, hakuna “ni”, basi is ifutwe. Mara ya pili alikuta “monkey” inataka wingi na “this” inataka kuwa “these”. Ya mwisho ilimchukua muda, ile “who I gave him water he said”. Na mimi nikamkumbusha jambo la nje ya sarufi: kima punju, ndio hao kima wekundu, wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, kwa hiyo “only in Unguja” si kweli. Ukurasa ulimalizika hivi:

“Yesterday I took two visitors from Germany to Jozani. They asked me why the monkeys were red. I told them that these monkeys live only in Zanzibar. The visitor I gave water to said thank you.”

Makosa yake mengi yanatoka katika wiki ya 1, ya 3, na ya 7. Kila mtu ana zake. Kurasa mbili za mwisho za kaunta buku zifanye orodha ya makosa yako, na kila kosa liweke alama kila linaporudi. Baada ya mwezi utaona kosa lipi ndilo lako hasa, na hilo ulipe wiki ya ziada.

Ukiwa na mwenzako, mtumiane aya kwa sauti WhatsApp, kila mmoja amsahihishe mwenziwe. Programu za kutafsiri nazo zina manufaa yake, lakini andika wewe kwanza, kwa kalamu, kisha ilinganishe na uulize kwa nini imebadilisha. Anayeandikiwa na simu tokea mwanzo anapata barua nzuri na mtihani mbaya.

Mzunguko wa pili

Wiki 8 zikiisha, anza tena na wiki ya 1, safari hii kwa aya badala ya sentensi, na uongeze mambo mawili. La kwanza ni kauli ya kutendwa, ambayo Mswahili huipata upesi kwa sababu tunayo -w-: “karafuu huchumwa kwa mkono” ni “cloves are picked by hand”, “zilianikwa kwenye majamvi” ni “they were dried on mats”. La pili ni kusimulia maneno ya mtu mwingine: “alisema amechoka” inakuwa “he said he was tired”, kwani Kiingereza hurudisha kitenzi cha pili nyuma, na Kiswahili hakirudishi.

Msimu wa karafuu au wa wageni ukikubana, usiiache nusu saa yote. Bakisha zile dakika 5 za kusoma kwa sauti. Ukikatika siku tatu au nne, usirudi mwanzo wa mpango. Fungua sentensi 6 za mwisho ulizoandika, zisome, sahihisha moja, na uendelee pale ulipoishia.